Benyuari Iliyofubaa

Florentine hajawahi kuoga ndani ya benyuari, lile hodhi refu la kuogea ambamo mtu hujinyoosha. Ameosha nyingi, amezisugua na kuzirudishia weupe wake katika nyumba za wafanyabiashara wa Butembo, na hata za Beni, lakini yeye huoga kwa beseni na kopo nyuma ya nyumba, kama alivyooga utotoni kwao Alimbongo, kule ambako ukungu hukawia mashambani hadi watu wamechoka kulima. Akiulizwa sababu hucheka. Kicheko chake ni kifupi, na kikiisha husugua kiganja kimoja kwa kingine, kana kwamba kuna kitu kimeganda pale.

Benyuari ya kwanza aliyoijua ilikuwa ya Melchior, muuza vitenge na mabati. Kabla ya vita Melchior alikuwa amefika hadi Dubai, akarudi na kontena zima la vitu vya nyumba. Humo mlikuwa na benyuari nyeupe. Haikuwa ya chuma kilichopakwa rangi kama zile za Wabelgiji. Ilikuwa ya plastiki ngumu yenye mng'ao, ambayo mafundi waliiita akriliki. Maji ya bomba hayakufika mtaa ule. Mtu akitaka kuoga, maji yalitoka chemchemini kwa bidon, yale madumu ya plastiki, yakapashwa moto kwa makaa, ndipo yakamiminwa ndani. Hata hivyo benyuari ilikuwa fahari ya nyumba, na mgeni wa Melchior alionyeshwa bafu kabla ya kupewa chai.

Vita vya pili vilipokuja, na waasi wakazoea kuwakamata wafanyabiashara na kuwapiga, Melchior alimchukua mke wake Jemima na watoto, akaenda Kampala. Nyumba aliwaachia Florentine na mumewe Syauswa, waliokaa katika chumba kimoja nyuma, upande wa jikoni.

"Mulinde nyumba," alisema akiwa tayari ndani ya gari. "Na pombe isiingie humu. Munajua mimi niko mutu wa kanisa."

Alikuwa mzee wa kanisa la Wabaptisti; Florentine na Syauswa ni Wakatoliki. Waliitikia kwa kichwa. Malipo ya kulinda nyumba yalikuwa kile chumba, na katika mji uliojaa watu waliokimbia vijiji vyao, wakilala kwenye madarasa na chini ya vibaraza vya maduka, chumba chenye mlango na bati lisilovuja kilikuwa uhai wenyewe. Florentine alilala humo na watoto wake wawili, Elsa na Ésaïe, akasikia mvua ikipiga juu, akajua kwamba haitawagusa.

Syauswa hakukaa sana. Njaa ilimpeleka Manguredjipa, kwenye mashimo ya dhahabu. Siku moja watu waliorudi kwa miguu kutoka kule walisimama langoni bila kuingia, na Florentine akaelewa kabla hawajafungua kinywa. Syauswa aliuawa njiani pamoja na wenzake. Mwili ulibaki msituni, na hakuna aliyethubutu kwenda kuutafuta.

Wazee wa ukoo waliamua azikwe hivyo hivyo. Walikata shina la mgomba liwe badala ya mwili, wakalifunga kwa kitenge cha mjane, wakalichimbia kaburi katika shamba la baba mdogo wake pembezoni mwa mji. Lakini wachimba kaburi hawaachwi waende na koo kavu. Lazima wanywe kasiksi, pombe ya ndizi, na lazima itoke nyumbani mwa marehemu. Ndizi zilikuwapo, zimeiva katika bustani ya Melchior. Kilichokosekana ni mtumbwi, lile gogo lililochongwa ambamo ndizi hukanyagwa na kukamuliwa. Wa baba mdogo ulikuwa umepasuliwa na askari wakapikia maharagwe. Wa jirani ulikwenda hivyo hivyo.

Ndipo Florentine alipoikumbuka benyuari. Ilikuwa na umbo lile lile, refu, lenye tumbo la kutosha, na tundu la kutolea maji ambalo kitambaa kingeliziba.

"Aki, hii ni mutumbwi ya bazungu!" alisema Abdias, mdogo wa Syauswa, akiikunja suruali yake hadi magotini. Akaingia, akakanyaga ndizi pamoja na majani makavu hadi juisi ikapanda juu ya vifundo. Alianza kuimba, kwa sababu kazi ile huimbiwa, kisha akakumbuka pombe ile ni ya nani, akaendelea kukanyaga kimya. Waliongeza mtama uliokaangwa, wakafunika kwa majani ya mgomba, wakaiacha ichachuke. Syauswa akazikwa, na wachimba kaburi wakanywa wakaridhika.

Benyuari ikabaki na alama. Utomvu wa ndizi ulikuwa umechora mstari wa kahawia pande zote, pale pombe ilipofikia, na chini kabisa palikuwa na madoa meusi kama nyayo. Florentine aliosha kwa sabuni, doa likabaki. Akafanya kile ambacho kila mwanamke wa kwao angekifanya kwa sufuria lililoungua: akachukua mchanga na majivu, akasugua kwa nguvu zake zote. Doa lilififia kidogo, lakini mng'ao wote uliondoka nalo. Alipomwaga maji ya Javel, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, pale palipochubuka pakageuka manjano kama jino la mvutaji. Akafunga mlango wa bafu na kujiambia kwamba Kampala ni mbali.

Baada ya wiki chache askari wa waasi walikuja. Luteni kijana, mwenye miwani ya jua na Kiswahili kilichochanganyika na Kilingala, alikuwa akimtafutia komanda wake nyumba. Alipita sebuleni bila kutazama chochote, akafungua bafu, akasimama.

"Eh! Mama na ngai! Mulikuwa munaogesha nguruwe?"

"Ni ya zamani, chef," Florentine alijibu. "Benyewe batu benye nyumba hawako."

"Komanda akiingia mu kitu kama hii, mimi njo atanichinja." Akawageukia askari wake, wakacheka. "Twende. Nyumba ya juu kule iko na bafu ya bleu. Ile ya bleu ni muzuri."

Wakaenda, wakaichukua nyumba ya juu ya mtaa. Florentine aliwatazama wenyeji wa nyumba ile wakishuka na magodoro kichwani, akamshukuru Mungu. Wakati ule hakufikiri zaidi ya hapo.

Kisha habari ikaja kwa redio ya fonia, ile ambayo wafanyabiashara walizungumzia na wenzao wa mbali: Melchior na mkewe wanarudi, hata kama vita havijaisha. Mtu wa fonia alikuja mwenyewe kumwambia, akaongeza kwa kicheko: "Madame Jemima anasema bafu ikuwe safi. Amechoka kuoga mu ndoo ya Kampala."

Florentine aliketi ukingoni mwa benyuari, akaitazama. Mzee wa kanisa ataona mstari ule, atanusa, ataelewa. Pombe ndani ya nyumba yake, ndani ya benyuari yake. Atawafungulia lango, na huko nje hakukuwa na chumba.

Jirani yake, Sophie, ndiye aliyemwonea huruma. Sophie alikuwa kijana, mke wa Kasonia, muuza vipuri aliyekwama safarini barabara zilipofungwa. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limeshuka, na nyumba yao ndogo nzuri ilikuwa upande wa pili wa ua wa miti.

"Mama Elsa, usilie juu ya plastiki," alisema. "Kuko mutu mumoja, Phinées, alikuwa anapiga magari rangi. Anajua kurudisha vitu."

Phinées alikuja na mfuko mtupu wa kazi. Gereji yake ilikuwa imefungwa tangu askari walipochukua magari yote yaliyokuwa ndani, hata yale yasiyotembea. Alipitisha kidole juu ya benyuari, akatikisa kichwa.

"Ulitia mchanga?"

"Nilitia."

"Na Javel?"

"Nayo."

"Nyamuhanga, Mungu wetu! Ulitaka kuifua ama kuiua?" Kisha, alipoona uso wake, akalainisha sauti. "Haijakufa, mama. Doa haiko ndani sana. Ni ngozi ya juu njo imeharibika. Tutaichuna, tutaipa ingine."

Alimwonyesha. Kwanza maji, mengi, kila wakati; akriliki ikisuguliwa kavu inapata moto na kulia. Kisha karatasi ya msasa ya maji, ile aliyobakiza, kwa mizunguko midogo, bila kukaza mkono, hadi mstari wa kahawia utoke na pote pafanane, pawe na rangi ya maziwa yaliyochujuka. Mtu asiyejua huogopa hapo, alisema Phinées, maana inaonekana mbaya kuliko mwanzo. Karatasi laini zaidi hakuwa nayo, wala haikupatikana mjini. Akamtuma atafute majani machanga ya mti wa msasa kando ya mto, yale ambayo mafundi wa mbao hulainishia viti. Baada ya majani, dawa ya meno kwenye kitambaa cha sufu. Mwisho, nta ya gari.

Dawa ya meno alitoa Sophie, na nta pia, kopo dogo la mumewe lililokuwa limesahaulika kabatini.

"Kasonia akirudi atauliza nta yake," Florentine alisema.

"Akirudi aulize yote anayotaka," Sophie alisema, akatazama barabara.

Florentine alisugua siku baada ya siku. Magoti yalivimba, ncha za vidole zikapoteza ngozi. Nje risasi zililia upande wa milima. Mai-Mai, wanamgambo wa vijijini, walikuwa wakiwavamia waasi, na waasi wakijibu kwa mizinga. Yeye alikuwa ameinama ndani ya ule weupe, akizungusha mkono. Alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo ilikuwa matanga yake hasa. Kwenye kaburi la mgomba hakulia, watu walikuwa wengi. Alilia pale, machozi yakachanganyika na dawa ya meno, na kitambaa kikaendelea.

Asubuhi moja aliimwagia maji ya mwisho, akafuta, na uso wake ukamtazama kutoka chini. Sophie alikuja, akaweka kiganja juu ya ukingo.

"Sasa iko kama ya kwangu. Hapana, inashinda ya kwangu!" Akacheka akishika tumbo. "Madame Jemima ataogopa kuingia."

Mchana ule ule kombora lililokosa shabaha liliipiga nyumba ya juu ya mtaa, ile ya bafu ya bleu. Komanda hakuwamo. Lakini paa lilikwenda.

Kesho yake Sophie alikuja mbio, kwa jinsi mwanamke wa hali ile anavyoweza kukimbia, akasimama uani akihema.

"Mama Elsa, ule luteni anarudi. Anapita nyumba kwa nyumba, ameanzia kule juu. Bibi ya komanda anatoka Kisangani, anataka bafu. Hawaangalie hata vyumba, banaenda moja kwa moja ku bafu." Alimshika mkono. "Ya kwangu ni kanyumba kadogo, hawatakataka. Lakini hii ya kwenu, mama... Toa vitu vya batoto sasa. Toa masufuria. Utakuja kulala kwangu."

Alisema hivyo, na alimaanisha. Florentine alimshukuru: "Wasingya, mudogo wangu. Nenda ukae, usisimame hivyo." Akamtazama akirudi polepole kwenye pengo la ua.

Kisha akaingia ndani, akafungua bafu. Benyuari ilimng'aria machoni. Akamwona luteni wa siku ile amesimama palepale mlangoni, akasikia askari wakicheka, na akaelewa ni nini kilichoilinda nyumba. Doa lililinda. Na sasa doa halipo. Ameliondoa kwa vidole vyake.

Akachukua nusu ya tofali kutoka jikoni, na mchanga mkavu kwenye kopo. Aliingia ndani ya benyuari na viatu. Pigo la kwanza lilitoa sauti iliyomfanya afumbe macho. Baada ya hapo hakufumba tena. Alikwaruza chini, akakwaruza pande, akavuta tofali kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama mtu anayelima. Alipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya taa, akayasukuma ndani ya michubuko kwa kiganja.

"Mama Elsa!" Sauti ya Sophie ilivuka ua. "Unafanya nini? Haujatoa vitu?"

Florentine akasimama, tofali mkononi. Kupitia kidirisha cha bafu aliona bati la Sophie, na chini yake kidirisha kama hiki, na nyuma ya kile kidirisha, alijua, benyuari ndogo ya rangi ya waridi isiyo na doa, ambamo Sophie aliweka maji safi ya kunywa. Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache: chukua mchanga, fanya kama mimi. Lakini luteni hawezi kurudi kwa komanda mikono mitupu. Kama zote mbili ni chafu, atachukua iliyo kubwa.

"Niko napanga vitu," akajibu. "Nakuja."



Luteni aliingia bila miwani safari hii, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alitazama benyuari, akapitisha kidole, kidole kikatoka cheusi.

"Miezi hii yote, mama, hujasafisha tu?"

"Maji iko mbali, chef."

"Weye ni muchafu kabisa."

"Ndiyo, chef."

Alifuta kidole ukutani, akatoka. Florentine alibaki amesimama. Alisikia buti zikikanyaga changarawe, zikipita pengo la ua bila kufuata barabara. Akasikia mlango. Akasikia kimya cha bafu la jirani, kisha sauti ya luteni, iliyofurahi: "Voilà!" Halafu Sophie, kwanza akieleza, kisha akiomba, kisha akilia. Elsa na Ésaïe walikuwa mlangoni pa chumba chao, wamekaa juu ya godoro lililokunjwa, wakingoja kuambiwa waende wapi.

"Rudisheni godoro ndani," mama yao akasema.

Melchior na Jemima walifika siku chache baadaye, wamejaa vumbi la barabara ya Beni. Jemima hakuketi. Florentine alisikia mlango wa bafu ukifunguliwa, kisha ukelele.

Alikuwa amejiandaa kusema uongo, lakini mbele yao ukamtoka ukweli, sehemu yake: pombe ya matanga, Abdias na miguu yake, mchanga, Javel, Phinées, mng'ao, luteni, tofali. La Sophie hakulitaja.

"Pombe!" Jemima alisema. "Mu nyumba yetu! Melchior, unasikia? Huyu atoke leo leo."

Melchior alikwenda dirishani, akaitazama nyumba ya Kasonia. Sare za askari zilikuwa zimeanikwa juu ya ua, na mwanamke asiyemjua, amevaa bigudi za kukunjia nywele kichwani, alikuwa akimfokea mpishi kwa Kilingala. Alitazama muda mrefu. Akarudi bafuni peke yake, akakaa humo, akatoka akipangusa mikono.

"Wacha akae."

"Na pombe?"

"Ya pombe nitaongea na Mungu mimi mwenyewe. Ya nyumba, kama wangeichukua, ningeongea na nani?"

Hivyo Florentine alibaki na chumba chake. Jumapili iliyofuata alimkuta Sophie katika darasa la shule ya parokia, amelala kwenye mkeka katikati ya familia nyingine, kichanga kifuani. Alikuwa amejifungua palepale, wanawake wasiomjua wakimshikia kitambaa mbele ya watu. Mtoto wa kike. Alimwita Bénie. Florentine aliwaomba ruhusa wenye nyumba, akamleta, akampa kitanda, yeye na watoto wake wakalala chini. Hakuna aliyejua Kasonia yuko wapi, na baadaye ikajulikana kwamba hatarudi.

"Mungu anakupendaka weye, Mama Elsa," Sophie alimwambia siku moja, akinyonyesha. Hakusema kwa wivu. "Baliingia kwako, bakapita. Bakakuja kwangu. Mimi najiulizaka, nilimukosea wapi?"

Florentine alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua.

"Haukukosa kitu," akasema.

"Basi juu ya nini?"

"Lala kidogo, mudogo wangu. Mutoto amelala."

Hajamwambia hadi leo. Sophie angali anamwita mama, na Bénie sasa ni msichana mrefu anayemsaidia kubeba ndoo. Komanda alipoondoka na vita vile vikatulia, Melchior alitaka benyuari ing'arishwe tena, na Phinées alikuwa amepata karatasi za kutosha. Florentine akaisugua tena, sifa zikaenea mtaani, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha mpaka sasa.

Lakini kabla ya hapo, katika miezi ile ya mwisho ya vita, Bénie aliogeshwa ndani ya benyuari ile ile. Jemima mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sababu kulikuwa na baridi nje na kichanga kilikohoa. Florentine alileta maji ya moto, akayachanganya, akayajaribu kwa kiwiko. Sophie alipiga magoti, akamweka mtoto juu ya ule weupe uliochakaa, uliooshwa masizi lakini uliojaa mikwaruzo ya tofali.

"Ya kwangu ilikuwa inateleza sana," Sophie alisema. "Nilikuwa naogopa, kama mutoto atazaliwa, nitamuogeshaka namna gani. Hii iko muzuri. Ona, inamushika."

Mtoto alipiga maji kwa miguu, akatulia pale alipowekwa. Florentine alijaza kopo, akamimina polepole, akajaza tena.